Nukta Kumi na Saba za Penseli

Mpendwa Bi. Wilma, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, maana baada ya hapo hata malaika akishuka hatakuwa na la kufanya. Majina yote nimeyabadilisha kama unavyotuagiza, na mji sikuutaja, jua tu ni mji kama huu wetu wenye ghala moja la nafaka, makanisa matatu na uwanja mmoja wa besiboli nyuma ya shule, na wavulana wetu kama unavyojua wanacheza Juni na Julai, wakati wenzao wa majimbo mengine wameshamaliza tangu Mei, na ndiyo maana makocha wa vyuo hutuona sisi mwisho kabisa, nafasi zikiwa zimejaa, wanakuja wale tu waliokimbiwa na mchezaji dakika za mwisho.

Mimi ni mama wa mrushaji, na ndiye ninayeandika kitabu cha mechi. Nilianza miaka mitatu iliyopita, mzee aliyekuwa akiandika alipofanyiwa operesheni ya macho, Kocha Stolte akaja mpaka jikoni kwangu akasema, "Mama Grady, mwandiko wako unasomeka na wewe si mtu wa kelele. Kaa nyuma ya mdakaji utuandikie." Nilifurahi kama mtoto, nikanunua penseli mpya na kiti cha turubai chenye kishimo cha kuweka kikombe. Sasa kama wewe si mtu wa mpira nikueleze, kwa sababu dhambi yangu yote iko hapa: mpira ukipigwa na mlinzi asiuzuie, mwandishi ndiye anayeamua. Akiona ulikuwa mkali mno anaandika pigo halali, na mzigo unamwangukia mrushaji. Akiona mlinzi alipaswa kuuzuia anaandika kosa la mlinzi, na pointi ikiingia kwa kosa hilo mrushaji hahesabiwi kitu. Refa haulizwi. Ni mimi na penseli yangu tu, na nikishaandika, namba zinatumwa zinakotumwa, na kila kocha nchi hii anaweza kuzisoma.

Mwanangu Grady anarusha kwa mkono wa kushoto. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, nimwite Emmett, analinda pale katikati ya vituo vya besi ya pili na ya tatu, mahali pagumu kuliko pote. Emmett amelelewa na bibi yake, Lorraine, mama yake aliondoka akiwa na miaka minne na mpaka leo hatuna habari zake, na huyo kijana alfajiri yuko kwenye mabanda ya nguruwe ya watu, Julai yuko shambani akikata maua ya juu ya mahindi ya mbegu mpaka mikono inachubuka, halafu jioni anakuja uwanjani na kucheza kama mtu aliyelala siku nzima. Lorraine hukaa karibu na kiti changu kila mechi, tunagawana mbegu za alizeti. Bi. Wilma, yeye ni msomaji wako, kila Alhamisi anamsomea Emmett ukurasa wako wa gazetini kwa sauti wakati kijana anakula mayai, anasema unamchekesha kuliko televisheni.

Kiangazi cha mwaka jana akaja mtu na mashine ya kupima kasi ya mpira, akakaa mistari miwili nyuma yangu, na mkoba wake una nembo ya chuo ambacho Grady alikuwa akikiota. Awamu ya nne ya mechi ukapigwa mpira mkali wa chini, ambao mlinzi mwingine yeyote angeutazama ukipita tu, lakini Emmett akajirusha mzima mzima kwenye vumbi akaugusa kwa ncha ya glavu, ukamponyoka, watu wawili wakaingia, pointi mbili. Lilikuwa pigo halali, haki ya Mungu, kipofu angeona. Nikaandika kosa la Emmett. Nilijiambia ni moja tu, Emmett hajali namba, ni kijana wa kazi, wala hana mpango wa chuo. Na kando yake nikaweka nukta ndogo ya penseli ili nijue mwenyewe ni ipi, nikajidanganya kwamba siku moja nitairekebisha.

Ikawa ya pili, ikawa ya tatu. Ubaya ni kwamba yule mtoto alikuwa hodari mno, alikuwa anaifikia mipira ambayo wengine hawaijaribu, na kila alipoigusa alinipa mimi nafasi ya kumwandikia kosa. Siku moja baada ya mechi alikuja kwenye kiti changu, kofia mkononi, akaniuliza kwa adabu, "Mama Grady, ule wa awamu ya sita ulikuwa kosa?" Nikamwambia, "Sheria ndiyo sheria, mwanangu." Akasema, "Basi niongeze mazoezi." Na kweli, tangu siku hiyo kila asubuhi akitoka kwa nguruwe anapiga mpira kwenye ukuta wa ghala, anaudaka, anapiga, anaudaka, ninausikia nikiwa naosha vyombo. Nimeusikia mwaka mzima.

Novemba Grady akasaini. Tulikata keki ukumbini shuleni, kocha wa chuo akasifu jinsi anavyoruhusu pointi chache, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Emmett, alipiga mpaka Grady akamwambia, "Wee, punguza, utadhani umesaini wewe!" Watu wakacheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia. Ungedhani ningeacha, lakini kiangazi hiki nikaendelea, nikihofia wale wa chuo wanafuatilia na wanaweza kupunguza ufadhili, na kusema kweli mkono ulishazoea. Juni hii Grady alikuwa anapekua kitabu akaniuliza, "Mama, hizi nukta ni za nini?" Nikamwambia nilijaribu ncha ya penseli. Alinitazama, akakifunga kitabu, hakuniuliza tena.

Sasa sikia kilichonileta kwako. Wiki iliyopita kocha mmoja wa chuo cha miaka miwili, safari ya saa tatu kwa gari, nimwite Pruitt, alikuja kumwangalia mchezaji wa timu tuliyocheza nayo, akaishia kumwona Emmett. Mlinzi wake mwenyewe amehama na masomo yanaanza Agosti. Nafasi ipo, kitanda kipo, ada karibu yote wanalipa. Akampigia Emmett simu akamwambia, "Nimekuona kwa macho yangu, lakini karatasi inasema makosa ishirini na sita kwa viangazi viwili. Nieleze." Na Emmett, unajua alisema nini? Alisema, "Ni kweli, bwana. Niliyafanya." Basi. Hakujitetea hata neno moja. Kocha akampa mpaka Ijumaa ya wiki hii afikirie.

Haya nimeyapata kwa Lorraine mwenyewe. Jumatano iliyopita tulikuwa kwenye kibanda cha uwanja tunapanga mikate ya nyama ya kusaga, akaanza kunisimulia huku akipangusa kaunta ileile mara kumi. "Hataki kwenda," akasema. "Ananiambia, bibi, yule kocha atanichukua halafu ataona nilivyo, Septemba nirudishwe hapa na begi langu kila mtu ananitazama. Afadhali nisiende." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unayejua kitabu. Niambie kweli, usinionee haya. Mjukuu wangu anauweza mpira wa huko?"

Bi. Wilma, kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Ukweli ulikuwa hapa mlangoni mwa meno. Na nikasema, "Chuo si cha kila mtu, Lorraine. Kwa nguruwe analipwa vizuri." Akasema, "Ahsante kwa kunieleza," akaendelea kupangusa.

Tangu siku hiyo silali wala silishi watu nyumbani, mume wangu anafikiri ni sukari imepanda. Nimekitoa kitabu nikahesabu. Nukta kumi na moja mwaka jana, sita mwaka huu. Makosa ya kweli ya Emmett ni tisa tu kwa viangazi viwili, Bi. Wilma, tisa! Kwa mahali anapolinda, huo ni ustadi wa kutafutwa kwa tochi. Nimefikiria kumwandikia yule kocha barua bila jina. Nimefikiria kunyamaza, pengine Emmett ana raha hapa. Nikisema, Grady atapoteza nini? Mji utaniitaje? Lorraine nitamtazama kwa macho yapi? Nilifanya kwa ajili ya mwanangu, mama yeyote ananielewa, lakini ukuta wa ghala umenyamaza tangu Alhamisi, kijana ameacha kupiga mpira, na nilikuwa sijui kwamba kimya kinaweza kuuma hivi. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Mwenye Penseli

*

Mwenye Penseli,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilitamani kukutwanga kichwani kwa hicho kitabu.

Tuanze na hilo la "mama yeyote ananielewa." Mimi ni mama wa wanne na sikuelewi. Ningekuelewa ungekuwa umeandika mara moja, mtu wa mashine yuko nyuma yako. Hiyo ni tamaa ya dakika moja, na nani hana dakika yake? Lakini wewe uliweka nukta. Mtu anayeweka nukta anajua anachofanya, na wewe ulijua mara kumi na saba. Kama mwandishi angekuwa Lorraine, na mpira wa Grady ukaandikwa vile, ungemtoa uwanjani kwa mwavuli. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na usiniambie Emmett hakuwa na mpango wa chuo. Mtoto anayetoka mabandani alfajiri na kwenda kupiga mpira ukutani mwaka mzima ana mpango, mama. Hakuwa na mtu wa kuusema kwa sauti, basi. Ulikuwa unausikia mpango wake ukiosha vyombo.

Pole lakini. Nasema pole na ninamaanisha, kwa sababu najua umeliandika la kibandani kwa shida, nimeona ulivyobonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hilo la kibandani ndilo baya kuliko nukta zote. Nukta uliziandika gizani, Lorraine hakujua. Lakini pale alikuuliza usoni, akakuamini, na ukamrudisha mjukuu wake kwa nguruwe kwa sentensi mbili. Akakuambia ahsante! Kuna watu wameungama mauaji kwenye ukurasa huu sikukunja uso hivyo.

Sasa sikiliza, maana siku ni chache.

Barua bila jina usimwandikie mtu. Kocha huyo haihitaji. Fikiri kidogo: alisoma makosa ishirini na sita, na bado akachukua simu akapiga. Ana macho. Alichokuwa akitaka ni kusikia kijana akijitetea, akisema bwana, nilijirusha kwa mipira ambayo wengine waliiacha. Kijana hakusema, kwa sababu hajui. Ndiye aliyeiamini karatasi yako kuliko wote. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuambiwa nje ya nyumba yako ni Emmett, si kocha, si mchungaji, wala si mimi.

Nimesema nje ya nyumba yako, kwa sababu kuna Grady. Mwambie leo, mezani, kabla sahani hazijatolewa, baba yake akiwepo. Unaogopa atapoteza nini. Mimi sijui, na wewe hujui. Pengine chuo kitauliza maswali, pengine hakitajali, maana mkono wa kushoto haukai ndani ya kitabu chako, na huko aendako kuna mwandishi mwingine ambaye si mama yake. Ila jambo moja ninalijua. Kijana aliyeiona nukta, akakutazama, akafunga kitabu, amekuwa akikungojea tangu Juni. Ana miaka kumi na minane na ameubeba mzigo wako bila kuulizwa. Mtue.

Kisha chukua kitabu chenyewe, siyo nakala, uende kwa Emmett. Nenda mwenyewe. Mume asikusindikize, na Grady aje akitaka yeye. Usianze kulia, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, na yule mtoto kwa adabu zake atakubembeleza kweli, nawe utarudi nyumbani umepoa na yeye amebaki vilevile. Fungua kitabu, weka kidole kwenye nukta ya kwanza, umwambie: hili hukukosa. Halafu ya pili: na hili hukukosa. Zote kumi na saba, moja moja, na mechi yake, na jinsi mpira ulivyokuja. Unazikumbuka, usinidanganye. Akikuuliza kwa nini, mjibu kwa maneno machache na usimtaje Grady kama kisingizio. Asipouliza, usieleze. Msamaha usiombe siku hiyo. Huo si wa kuombwa na mtu mwenye haraka. Akikufungia mlango, acha kitabu kizingitini uondoke.

Lorraine atakuwepo. Utamwambia, "Uliniuliza kama anauweza nami nikakudanganya. Anauweza." Usiongeze neno. Atakalokutendea baada ya hapo ni haki yake, hata akikumwagia kikombe cha mbegu.

Mwisho nenda kwa Kocha Stolte, sahihisha namba mbele yake zitumwe upya, na umkabidhi penseli. Usisubiri akunyang'anye.

Unaniuliza mji utakuitaje. Utakuita majina, mama. Kwa miezi kadhaa ukiingia dukani watu watakuwa wanasoma kwa makini maandishi ya makopo ya maharage. Utavumilia. Emmett amevumilia viangazi viwili kuitwa mtu wa makosa, na hakuwa na kosa.

Na kama atakataa? Kama atasema hapana kwa kocha, ukweli akiwa nao mkononi? Inawezekana. Imani ya mtu haijengwi upya kwa siku mbili, na maji yakimwagika hayazoleki. Huenda ukaishi mji mmoja naye miaka arobaini, ukimwona akipita na gari la kubebea nguruwe, na kila mara ujue. Hilo siwezi kukuondolea. Lakini akikataa akijua alikuwa na tisa, huo ni uamuzi wake. Akikataa akiamini ishirini na sita, huo ni wako.

Sasa la mwisho, na hili ni baina yetu. Umebadilisha majina, umeuficha mji, umejiita Mwenye Penseli. Watu wa mji wenye ghala moja la nafaka wana mwandishi wa mechi mmoja. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba Lorraine husoma ukurasa huu kwa sauti. Sidhani uliniandikia upate ushauri. Ushauri ulikuwa nao kabla ya kununua stempu. Uliniandikia ili mimi nikusemee, wewe ubaki umekaa kwenye kiti chako cha turubai. Kwa hilo umekosea mtu.

Barua hii na jibu lake vinatoka Alhamisi, vyote, bila kupunguzwa. Nakala ninaileta mwenyewe leo Jumanne na kuitia kwenye sanduku lako la barua. Ukiniona nikipita, hakuna haja ya kunipungia mkono. Una leo na una kesho.

Alhamisi gazeti linafika mlangoni kwao saa kumi na mbili asubuhi. Kijana anarudi kutoka mabandani, bibi yake anamwekea mayai, anavaa miwani na kufungua ukurasa wa nne. Uwe umeshafika.

Bi. Wilma